Nani Kaiondoa Kona?

Jumatatu, 3 Juni

Msiba. Mama Chaji amebadilisha gemu.

Lazima yaandikwe. Nilifunga karakana saa ya chai kama kawaida. Nikavuka barabara hadi chumba cha gemu, nikasalimia, nikakaa kwenye kiti changu mbele ya feni. Kiti hiki kilitolewa kwenye gari lililokufa, upande wa dereva, kikapigiliwa juu ya mbao. Ni kiti cha bingwa. Bingwa asipokuwepo hakikaliwi. Mama Chaji mwenyewe, ambaye chumba ni chake, feni ni yake na waya zote za kuchajia simu pale ukutani ni zake, huegemea mlango kuliko kukikalia. Mimi nimekikalia tangu fundi simu hajaota ndevu. Sasa ana ndevu na mvi mbili.

Gemu yetu ni Ngumi za Radi. Ya kwanza, ya pili na ya tatu zote zilikuwa bapa, kama Mungu alivyokusudia. Mmoja kushoto, mwingine kulia. Unakwenda mbele, unarudi nyuma, ukipenda unaruka. Basi. Mimi humchukua mpiganaji mzee, Babu Chuma, nakusukuma mpaka mwisho wa skrini, nakubana kwenye kona, halafu nakupiga teke la ugoko mpaka umwite mama yako. Ndiyo maana naitwa Kona. Wateja wanadhani ni kwa sababu natengeneza fremu za picha. Nimewaacha wadhani hivyo.

Leo nawasha, nakuta Ngumi za Radi ya nne. Skrini imepata kina! Wapiganaji wamenenepa, wana mbele na nyuma kama watu. Uwanja ni duara juu ya jabali. Wanazungukana kama watu wawili wanaotafuta ufunguo ulioanguka. Babu Chuma aligeuka nikaona kisogo chake kwa mara ya kwanza maishani. Ana upara. Miaka yote hiyo tuko pamoja na hakunidokezea.

Halafu kile kitambaa chake cha jicho. Kwenye gemu za zamani, akitazama kulia kitambaa kiko jicho hili, akigeuka kushoto kinahamia jicho la pili. Hakuna aliyelalamika. Sasa kimeganda jicho la kushoto, hakitoki. Wamemharibu mzee wa watu.

Nimepigwa na Kinyozi. Naandika tena: Kinyozi, ambaye tumepakana ukuta na sijawahi kumpa hata raundi moja ya huruma. Alibonyeza kitufe kimoja, mtu wake akapiga hatua pembeni, teke langu likapita hewani kama mtu anayerusha ndala. Kisha akanipiga ubavuni. Ubavuni! Huo si ustaarabu.

Mama Chaji ametoa uamuzi. Ubingwa wangu ulikuwa wa gemu ya zamani. Gemu ni mpya, kwa hiyo kiti kitagombewa upya Jumamosi. Nilimuuliza kama anajua maana ya haki. Akaniuliza kama nimemaliza soda yangu, kwa maana anataka chupa.

Jumanne, 4 Juni

Mpango wa kwanza. Gemu hii ni hatari kwa afya. Nikithibitisha hilo, Mama Chaji atairudisha ilikotoka.

Nilicheza kidogo, nikayumba, nikashika kichwa, nikaporomoka kutoka kwenye kiti taratibu ili nisijiumize kiwiko. Nilibaki sakafuni nimefumba macho nikisubiri hofu itande.

Haikutanda. Fundi simu alinivuka kwenda kuchukua zamu yangu. Kinyozi, kwa moyo mweupe wa kinafiki, alinifungua vifungo vya shati na kunimwagia maji ya kunyolea. Najua yalikuwa ya kunyolea kwa sababu yalikuwa na nywele. Mama Chaji aliinama akasema pole sana baba, kama gemu inakupa kizunguzungu, basi Jumamosi upumzike nyumbani, jina lako tutaliondoa.

Nilipona hapo hapo. Niliruka juu nikasema ilikuwa njaa tu. Kinyozi akasema kwa sauti ya upole kwamba mtu wa umri wangu asikae na njaa. Ananizidi miezi minne.

Nyumbani mke wangu aliuliza kwa nini shingo yangu ina nywele za mtu mwingine. Nilimwambia ni habari ndefu. Akasema zangu zote ni ndefu. Kisha akauliza kuhusu picha ya baba yake. Nilimwambia baada ya Jumamosi.

Picha yenyewe ipo, haijapotea. Ni marehemu baba mkwe, amesimama na baiskeli yake, koti la mabega mapana, mguu mmoja kwenye pedali. Iko nyuma ya kabati kati ya maboksi mawili yaliyokatwa vizuri. Niliyakata maboksi hayo mwenyewe. Hata mbao yake nimeshaichagua, nyeusi, nzito, haina hata jicho moja la tawi. Kinachosubiriwa ni wakati tu.

Jumatano, 5 Juni

Nimegundua siri! Imenijia nikipiga mswaki.

Kwa nini Babu Chuma alikuwa anapigana vizuri zamani? Kitambaa cha jicho. Mtu mwenye jicho moja haoni kina. Dunia kwake ni bapa. Kwa hiyo nikifumba jicho moja, Ngumi za Radi ya nne itageuka kuwa ya tatu mbele yangu, na kona itarudi. Nashangaa hakuna aliyefikiria hivyo. Lakini ndiyo tofauti kati ya bingwa na vinyozi.

Nilikata kipande cha mpira wa baiskeli, nikakifunga kwa kamba ya viatu. Nikaamua nikivae siku nzima ili jicho lizoee.

Asubuhi ilikwenda vizuri, ukiacha mlango. Kizingiti kilinipiga paji la uso. Kikombe cha chai nilikishika pembeni ya pale kilipokuwa. Kisha akaja mwalimu mkuu kuchukua picha yake ya walimu wote, ile ya pamoja. Nilikuwa nimeikatia fremu muda huo huo, na kwa jicho moja kipimo kilionekana safi kabisa. Alipoishika akahesabu vichwa. Walimu wawili wa mwisho upande wa kulia walikuwa wamebaki mezani pamoja na mabaki ya karatasi.

Nilimtuliza. Nilimwambia niliwaondoa kwa makusudi, kwa vile mmoja alikuwa amefumba macho na mwingine anaharibu picha kwa kununa.

Kumbe aliyenuna ni yeye.

Mke wangu alirudi kutoka kazini akanikuta na kitambaa. Yeye ni mwalimu wa udereva. Kutwa nzima anakaa kiti cha abiria, mguu juu ya breki ya ziada, huku watu wazima wakimpeleka kwenye mitaro. Hashtuki tena. Alinisikiliza nadharia yangu mpaka mwisho. Kisha akasema ana mwanafunzi aliyewahi kufumba macho wakati wa kurudi nyuma, na ukuta haukuondoka mahali pake.

Wivu tu. Nilimpita kwenda chumbani nikagonga kabati.

Jioni kwa Mama Chaji nilipoteza raundi zote. Moja niliipoteza kwa fundi simu akiwa anaongea na mteja.

Alhamisi, 6 Juni

Leo nyota yangu imeng'aa. Niandike kwa utaratibu, kila jambo mahali pake.

Mama Chaji alinituma nimtengenezee ubao wa mashindano, kwa kuwa mimi ndiye mwenye rula na maandishi ya kueleweka. Wachezaji wanne tu, maana alasiri kuna mpira na watu wanataka runinga. Mimi, Kinyozi, fundi simu. Wa nne hajapatikana. Nani acheze na nani, nitapanga mimi. Alisema hivyo kwa mdomo wake huku akitafuta chaja ya mtu.

Nikiwa bado naitafakari neema hiyo, mke wangu akaingia kuchukua ufunguo wa nyumba. Kinyozi alikuwa anacheza. Alipomwona, alikaa wima ghafla, akasema shikamoo mwalimu, na mtu wake kwenye skrini akatembea mwenyewe mpaka ukingoni na kuanguka kutoka juu ya jabali, raundi ikaisha.

Nilikuwa nimesahau! Kinyozi anajifunza gari kwake. Mtihani umemshinda mara tatu. Mara ya mwisho aliwasha waipa mahali pa indiketa, akazima gari katikati ya makutano na kuwaomba radhi wote waliopiga honi, mmoja mmoja. Mtu huyu mke wangu akikohoa tu, analegea.

Mke wangu alijaribu raundi moja, kwa utani, mkoba ukiwa begani. Alibonyeza kile kitufe cha hatua ya pembeni, akakibonyeza tena, akamzunguka mpinzani wake akitazama kila upande kama anayetafuta maegesho. Akashinda. Akaniambia kwamba tatizo langu amelijua: sisogei pembeni. Kitufe kiko hapo, nikibonyeze.

Nilimweleza kwa heshima kwamba mwanamume ana mbele na ana nyuma, na hivyo viwili vimenitosha maisha yote. Mama Chaji akacheka peke yake kwenye chaja zake. Sijui alicheka nini.

Mpango sasa. Wa nne awe mke wangu. Raundi ya kwanza apambane na Kinyozi. Kinyozi atanywea, atapoteza. Mimi nitamalizana na fundi simu, ambaye hawezi kupitisha dakika mbili bila simu kuita. Fainali: mimi na mke wangu. Na mke wangu, kwa mapenzi na adabu, ataniachia. Nimeupitia mpango huu mbele na nyuma na sijaona tundu.

Ijumaa, 7 Juni

Nilimwandalia mke wangu chai. Alishtuka akauliza nimevunja nini.

Nikamweleza kuhusu mashindano, kwamba ni burudani ya majirani, kwamba itamwondolea uchovu. Aliuliza mshindi anapata nini. Nikasema kiti tu, kile cha mbele ya feni. Akarudia polepole: kiti, mbele ya feni. Akatazama miguu yake, ambayo jioni huvimba kwa ile breki. Akasema atacheza. Alikubali haraka mpaka nikaona huruma, jinsi nilivyo mjanja.

Kisha nikaja kwenye kiini. Nilimwomba kwamba ikitokea tumekutana fainali, kwa bahati, basi anijali mimi mumewe. Nikamwambia ukweli, na si kawaida yangu kabla ya mlo: kwamba karakanani naitwa fundi, nyumbani naitwa wewe, lakini pale kwenye kile kiti watu huniita bingwa, na wananisogezea feni. Bila kile kiti mimi ni mtu wa kukata mbao.

Alimalizia chai yake. Akasema amesikia.

Amesikia, yaani amekubali.

Akauliza tena kuhusu picha. Nilimwapia kuwa nikishinda tu, Jumapili baba yake yuko ukutani. Akauliza na nisiposhinda. Nikacheka. Swali gani hilo?

Ubao wa mashindano umetoka mzuri ajabu. Nimeutia fremu.

Jumamosi, 8 Juni

Nimetulia sasa. Naweza kuandika.

Watu walijaa mpaka mlangoni. Mechi ya kwanza, mimi na fundi simu. Simu yake iliita raundi ya kwanza, akapokea. Iliita raundi ya pili, akapokea. Aliyepiga nilikuwa mimi mwenyewe, simu ikiwa mfukoni, kidole gumba kwenye kitufe. Babu Chuma alipiga mateke ya ugoko kama enzi zile. Karibu nilie.

Mechi ya pili, mke wangu na Kinyozi. Mpango ulikwenda kama nilivyouchora! Kinyozi alishika padi kwa mikono miwili iliyonyooka kama usukani. Kabla ya kuanza alitazama bega la kulia, akatazama la kushoto. Mke wangu hakufanya lolote ila kusema taratibu, usikimbilie. Jamaa akaomba msamaha. Kila alipopigwa aliomba msamaha. Alipoanguka jabalini mara ya mwisho alimwuliza kama atalazimika kurudia somo.

Kwa hiyo fainali. Nilimkonyeza mke wangu. Akanitazama akauliza kama jicho bado linauma.

Raundi ya kwanza. Nilimwendea mbele, akasogea pembeni. Nikamwendea tena, akasogea tena. Nikajikuta natazama upara wa Babu Chuma, maana yake mke wangu yuko nyuma yangu. Nilimnong'oneza kwamba tulikubaliana. Akasema, bila kutoa macho kwenye skrini, kwamba alisikia. Ngumi ikanipata kisogoni.

Hapo nikafanya alichofanya baba yangu akibanwa, na babu yangu: nikarudi nyuma. Mtu akizidiwa hurudi kwenye kona yake, akaweka mgongo ukutani, akapumua, akapigana upya. Nimefanya hivyo mara elfu. Nikakandamiza kitufe cha nyuma, nyuma, nyuma.

Hapakuwa na ukuta. Babu Chuma alishuka jabalini kwa kisogo, koti likipepea, mpaka akawa nukta.

Hakuna aliyenigusa. Nilijitupa mwenyewe.

Raundi ya pili nilitumia akili. Nikajua kosa langu: nilirudi upande wa kushoto. Kona lazima iko kulia. Nikarudi kulia.

Kicheko kilichotokea pale kilisikika mpaka kituo cha mafuta, nimeambiwa na watu wa kituo cha mafuta. Kinyozi alicheka mpaka akakaa chini.

Halafu mke wangu akaenda kwenye kiti. Hakukikalia papo hapo. Aliinama, akapapasa chini, akavuta mkono wa chuma ambao sikuwahi kujua upo, na kiti kikateleza nyuma. Akavuta mwingine, mgongo ukalala kidogo. Akakaa, akanyoosha miguu, akafumba macho mbele ya feni. Miaka yote hiyo mimi nimekaa magoti yakiwa masikioni.

Mama Chaji akamuuliza bingwa mpya ana lolote la kusema. Alisema analo moja. Kiti hiki atakirudisha kwangu, hataki hata mchezo wa marudiano, siku ile picha ya baba yake itakapotundikwa ukutani. Alisema bila hasira, kama anavyomwambia mwanafunzi aweke gia.

Fundi simu akauliza picha ipi. Akawaeleza. Kwamba mumewe amewatilia fremu mtaa mzima, vyeti, maharusi, mbwa wa daktari wa meno, na leo hata ubao wa mashindano. Na baba yake yuko nyuma ya kabati kati ya maboksi.

Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lililoniuma. Kinyozi alitazama sakafu. Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto, na sikuwa na pa kukaa.

Jumapili, 9 Juni

Nimeamka mapema. Siku mpya, mtu mpya. Nilitoa picha nyuma ya kabati, nikaibeba kwa mikono miwili hadi karakanani hapo uani, nikaiweka juu ya meza. Nikatoa ile mbao nyeusi. Nikaifuta vumbi.

Baba mkwe alinitazama, mguu kwenye pedali. Alikuwa mtu mzuri. Siku ya kwanza naenda kujitambulisha kwake nilitoka jasho mpaka likadondoka kwenye chai yangu. Alichukua kikombe kile, akanipa chake, akaendelea kuongea habari za baiskeli. Mke wangu hajui hilo hadi leo. Nilimwambia mzee, kimoyomoyo, kwamba samahani nimechelewa.

Kazi yenyewe ni ndogo. Vipande vinne, kona nne, kioo, misumari. Chai haipoi kabla sijamaliza. Nikapima. Nikaweka alama ya kwanza. Nikaweka msumeno kwenye pembe.

Kona nne.

Nikatulia, msumeno mkononi. Kwani tatizo la Ngumi za Radi ya nne ni nini? Haina kona. Na mimi kazi yangu ni nini? Nilikuwa wapi wiki nzima! Nikitengeneza fremu nene, nzito, nyeusi, nikaivika runinga ya Mama Chaji kama zawadi ya mtu aliyekubali kushindwa, itafunika pembeni zote za skrini. Uwanja utaisha kwenye mbao. Ukifika kwenye mbao huendi kokote. Kona zitakuwa nne, zote za kwangu, nimezikata mwenyewe. Nitaomba marudiano. Nitakitwaa kiti kwa haki, si kwa kupewa kama sadaka.

Nimepima runinga kwa kukumbuka. Inataka mbao nyingi, na nzuri, isiyo na jicho. Ile ya baba mkwe inatosha kabisa, bila kubaki hata kipande.

Mzee nimemrudisha kwenye maboksi yake kwa muda. Siku zote alikuwa na subira.

Mke wangu amesikia msumeno, akauliza kutoka uani kama nimeanza. Nikamjibu ndiyo, nimeanza, na asichungulie mpaka nimalize. Hakuchungulia. Aliniwekea chai dirishani, na andazi juu yake, kisha akaingia ndani kupiga msumari kwenye ukuta wa sebuleni, mahali alipopachagua mwenyewe. Anaimba. Siku nyingi sijamsikia akiimba hivyo.

Ni dalili nzuri. Hana habari kabisa ya kinachomjia.